Nyoka wa Jangwani Hajulikani kwa Rangi

Kuanzia Marigat, karibu na Ziwa Baringo, ukielekea kaskazini kupitia Turkana na Marsabit hadi mipaka ya Ethiopia na Somalia, anaishi nyoka mdogo ambaye kwa urefu hazidi sana mkono wa mtu mzima. Wengi wao wana sentimita 30 hadi 60. Wataalamu wanamwita Echis pyramidum. Kwa kuwa magamba yake ya ubavuni yana vijino, hapa nitamwita nyoka wa magamba ya msumeno, au Echis kwa kifupi. Anapoonekana, swali linalotoka kinywani ni lile lile: huyu ni nyoka gani? Lakini kwa mfugaji aliyesimama na mbuzi wake mchangani wakati giza linaingia, jina peke yake halimfai kitu. Anachotaka kujua ni kama amesimama mbali vya kutosha, nyoka huyo atafanya nini baada ya hapo, na ikiwa ameshauma, dawa gani itafaa. Nitakalolitetea hapa ni kwamba katika nchi kame alama tulizozoea kuzitegemea, yaani rangi, umbo la kichwa na mboni ya jicho, ndizo zinazotupotosha zaidi. Nyoka wa huko hujulikana vizuri zaidi kwa anachokifanya, mahali alipo, saa aliyotoka, na kile ambacho sumu yake inakifanya ndani ya damu ya mtu.

Tumtazame Echis mwenyewe kwanza. Ukimkaribia bila kumkanyaga, mara nyingi hakimbii. Hujikunja mikunjo kadhaa iliyolazana sambamba, kila mmoja una umbo la nusu duara, na kichwa kimetulia katikati huku shingo imerudishwa nyuma. Kisha mikunjo inaanza kuteleza, mmoja ukienda mbele na wa jirani yake ukirudi nyuma, hata unadhani anazunguka wakati yuko palepale. Magamba ya ubavuni yamekaa mshazari, na katikati ya kila gamba umepita ukingo mwembamba wenye vijino. Kingo hizo zinaposuguana hutoa sauti kavu ya mfululizo, kama ya maji yaliyomwagikia kikaango cha moto. Muda wote huo mdomo wake umefungwa. Ukisikiliza bila kujua, utamtafuta mnyama mkubwa zaidi.

Kwa nini asipulize tu kama nyoka wengine? Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba pumzi inayotoka kwa nguvu hubeba unyevu, na katika nchi ambayo mvua inaweza kukosekana mwaka mzima, kutisha kwa magamba ni kutisha bila kupoteza maji. Mimi naona maelezo hayo yana uzito, hasa kwa kuwa nyoka mwenye pembe wa Sahara na Arabuni, Cerastes, naye hutumia mbinu hiyo hiyo. Muhimu zaidi ni maana ya sauti yenyewe. Nyoka anayeitoa hajaanza kuwinda wala hamfukuzi mtu. Ameshakuona, amekwama pasipo na maficho, na anakutaka uondoke. Ukirudi nyuma hatua tatu nne, ukamwachia njia, ataifuata. Ukibaki ukimchokoza kwa fimbo, atarusha kichwa kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuifuata, na anaweza kurudia mara kadhaa bila kupumzika.

Na si nyoka adimu. Wakusanyaji waliofanya kazi karibu na kilima cha Moille, kaskazini mwa Kenya, walikamata maelfu ya nyoka hawa katika muda wa miezi michache tu. Idadi ya namna hiyo hushangaza mtu anayeiona nchi ile mchana na kudhani ni tupu.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu hata tabia hii ina mwigaji wake. Katika nchi hizo hizo anaishi nyoka mla mayai, Dasypeltis scabra, asiye na sumu wala meno ya kumdhuru mtu. Chakula chake ni mayai ya ndege peke yake. Hulimeza yai zima, hulipasua kwa vichomozi vya mifupa ya uti wa mgongo vinavyojitokeza ndani ya umio, hunywa kilichomo, kisha hulitema ganda likiwa limebanwa. Kiumbe huyu asiye na silaha, akitishwa, hujikunja mikunjo ile ile, husugua magamba yale yale, hutoa sauti ile ile, na hurusha kichwa akiwa ameachama ili ndani ya mdomo mweusi uonekane. Mgongoni ana mabaka yanayomfanya afanane na Echis, na mboni zake ni wima vilevile. Kinachowatofautisha bila shaka ni utosi: mla mayai ana magamba makubwa bapa juu ya kichwa, ilhali Echis ana vigamba vidogo vidogo vinavyokwaruza. Lakini alama hiyo huwezi kuiona mpaka uso wako uwe karibu mno.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina somo la kimatendo. Katika kumtambua nyoka, makosa mawili hayalingani uzito. Ukimdhania mla mayai kuwa Echis, umepoteza dakika tano za kumpisha. Ukimdhania Echis kuwa mla mayai, unaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo sauti ya magamba ikisikika, mtu wa kawaida hana haja ya kuendelea kuchunguza. Ameshapata habari yote anayoihitaji, na habari hiyo inamtosha kumpisha nyoka yeyote kati ya hao wawili bila kumuua.

Zile kanuni za mdomoni, kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni wima, zilizaliwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako karibu nyoka wote wenye sumu ni wa jamii ya kifutu. Kwetu hazisimami. Koboko ana kichwa chembamba na mboni ya duara. Fira, na swila anayetema sumu, vilevile. Upande wa pili, nyoka-paka wa jenasi Telescopus ana mboni wima zinazotisha lakini sumu yake ni dhaifu kwa mtu. Nyoka wengi wasio na madhara wanaposhtuka hutanua taya hadi kichwa kikawa pembetatu. Nimeshawasikia watu wenye elimu nzuri wakizifundisha kanuni hizo watoto, na ningeomba ziachwe kabisa.

Rangi nayo ni shahidi asiyeaminika. Nyoka wa jangwani anaishi palipo wazi, na mwewe, nguchiro na kenge wote wanamtafuta, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi waliofanana na udongo wa mahali pao ndio waliosalia. Echis wa mchanga mweupe ana weupe wa kijivu, na wa udongo mwekundu ana wekundu wa kutu, ingawa ni nyoka mmoja. Swila mwekundu, Naja pallida, katika udongo mwekundu wa Tsavo ana rangi ya chungwa au ya samaki aina ya samoni, na mkanda mweusi kooni. Kwingineko, hasa akiwa mzee, anaweza kuwa wa kahawia tu. Koboko, ambaye kwa Kiingereza anapewa jina la weusi, mwilini ni wa kijivu au wa rangi ya zeituni. Weusi wake uko ndani ya mdomo.

Ukweli ni kwamba rangi imewapotosha hata wataalamu. Kwa miaka mingi swila wakubwa wa kahawia wa nchi kavu za mashariki na kaskazini mwa Kenya walihesabiwa kuwa ni wale wale swila wenye shingo nyeusi, waliochujuka rangi tu. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980, alishikilia kwamba ni nyoka tofauti. Mwaka 2007, baada ya kufariki kwake, Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimthibitisha na kumpa jina Naja ashei. Ndiye swila mkubwa kuliko wote duniani, na mmoja wao aliyekuwa Watamu alikuwa na urefu wa karibu mita 2.7. Mnyama wa ukubwa huo aliishi miongoni mwa watu bila jina lake, na kisa hicho kinatosha kumfanya mtu awe mwangalifu anapomtaja nyoka kwa kutupia jicho mara moja.

Wafugaji wanaovuka malaga, yaani mikondo ya mito ya msimu, alfajiri wana njia nyingine, nayo ni alama mchangani. Upepo wa usiku ukiwa mtulivu, laga kavu huhifadhi mapito ya kila aliyepita. Nyoka wa mchana, yule mwembamba mwenye mbio wa jenasi Psammophis, huacha mstari mmoja wa mawimbi mapana, kwa kuwa husukuma vijiti na vijiwe kwa ubavu. Kifutu huacha mfereji mnyoofu, mpana kiasi, kwa kuwa mara nyingi husogea kwa misuli ya tumbo bila kupinda mwili. Echis anapokimbia huacha kitu tofauti kabisa: mistari mifupi ya mshazari, iliyotengana, kila mmoja una kikulabu upande mmoja, na kati ya mstari na mstari mchanga haukuguswa.

Mistari hiyo hutokana na mwendo wa ubavu. Nyoka hunyanyua sehemu ya mwili, akaiweka mbele kwa upande, akanyanyua inayofuata, hivyo kwamba wakati wowote ni vipande viwili au vitatu tu vya mwili vinavyogusa ardhi. Kwenye mchanga unaoporomoka, kusukuma kwa nyuma kungemfanya ateleze, na kwenye ardhi iliyowaka jua kugusa kwingi kungemwunguza. Mwendo huu umezuka katika majangwa yaliyo mbalimbali: kwa Cerastes wa Sahara na Arabuni, kwa kifutu mdogo wa Namib aitwaye Bitis peringueyi, na kwa nyoka mwenye njuga wa kusini-magharibi mwa Marekani, Crotalus cerastes. Mwaka 2014 watafiti waliwafanyisha nyoka hao wa Marekani majaribio kwenye mteremko wa mchanga katika bustani ya wanyama ya Atlanta, wakaona kwamba kadiri mwinuko unavyozidi, ndivyo wanavyolaza sehemu ndefu zaidi ya mwili chini ili mchanga usibomoke. Utafiti mwingine wa mwaka 2021 ulichunguza ngozi za tumbo kwa darubini kali. Nyoka wengi wana vichongo vidogo sana tumboni vinavyowasaidia kwenda mbele. Wale wa Afrika waendao kwa ubavu wamevipoteza kabisa na badala yake wana vishimo, na wale wa Marekani bado wana mabaki ya vichongo. Waliofanya utafiti walipendekeza kwamba sababu ni umri wa majangwa yenyewe, ya Marekani yakiwa machanga kuliko ya Afrika.

Kwa hiyo mapito ya nyoka hueleza mengi. Hueleza alikotoka na alikoelekea, na kama yanaingia chini ya gunia la mkaa au rundo la kuni, hueleza kwamba mkono usitiwe hapo.

Saa nayo inasema. Nyoka hana joto lake mwenyewe ndani ya mwili, hulipata ardhini na juani, na mchanga wa Turkana adhuhuri ungemuua kwa muda mfupi. Basi Echis hushinda chini ya jiwe, ndani ya shimo la panya au kwenye shina la kichaka, akatoka jua likizama. Hula nge, tandu, mijusi, panya wadogo na vinginevyo anavyovipata. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba aina za Echis zinazotegemea nge na jamaa zao zina sumu inayowaua nge kwa urahisi zaidi kuliko sumu ya aina zinazokula panya na mijusi, maana yake sumu yenyewe imefuata chakula. Mvua inyeshapo baada ya kiangazi kirefu wadudu hujaa, na nyoka hutoka kwa wingi. Lakini mvua hizo hizo ndizo zinazowafanya watu wahamishe mifugo usiku, watembee na kandambili, wakusanye kuni zilizolowa, na walale chini kwenye ngozi au mkeka ndani ya manyatta. Anayeumwa kwa kawaida ni mtoto anayechunga, mwanamke anayeokota kuni, au mtu aliyetoka nje usiku bila tochi. Nyoka na mtu hawatafutani. Wana ratiba moja tu katika msimu mmoja.

Kifutu, ambaye pwani wengi wanamwita moma au bafe, anastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu tabia yake inaeleweka vibaya kuliko ya nyoka yeyote. Watu husema ni mvivu. Anaweza kukaa mahali pamoja kwa siku nyingi, amejikunja kando ya kijia cha panya, haondoki hata mtu akipita karibu. Kutulia huko ndiko kuwinda kwake na ndiko kujificha kwake. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba mbwa waliofunzwa kunusa, pamoja na nguchiro, walishindwa kumtambua kifutu aliye hai kwa harufu, ingawa waliwatambua nyoka wengine bila taabu. Miaka miwili baadaye ilielezwa jinsi anavyotoa ulimi wake na kuutikisatikisa, chura akaudhani mdudu na kusogea mwenyewe. Mnyama aliyefanikiwa kiasi hicho kwa kutulia hana sababu ya kukimbia anaposikia hatua zako. Ni wewe unayelazimika kuangalia unapokanyaga. Anapojaza mwili upepo na kufoka kwa sauti nzito, ujue umeshafika karibu mno na subira yake imekwisha.

Kuna mmoja zaidi wa kutajwa, mdogo, mweusi, anayeng'aa, mwenye kichwa kisichotofautiana na shingo, ambaye mara nyingi hutoka ardhini usiku wa mvua na kufanana na nyoka yeyote wa bustanini. Ni Atractaspis. Chonge zake hujitokeza pembeni mwa mdomo uliofungwa, akachoma kwa kurudisha kichwa nyuma na kando. Ndiyo maana hakuna namna salama ya kumshika nyuma ya kichwa. Wanaoumwa naye wengi ni watu waliomwokota wakidhani hana madhara, au waliomlalia.

Mahali anapoonekana nyoka hupunguza orodha ya anayeweza kuwa, na hili linaonekana wazi huko Oman, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimeishi kwa miongo kadhaa na ambako kulala nje jangwani wikendi za baridi ni desturi. Kwenye matuta ya Sharqiya anayetarajiwa ni Cerastes gasperettii, ambaye hujizika mchangani yakabaki macho tu. Wengi wao hawana pembe kabisa, kwa hiyo kutafuta pembe hakusaidii. Kwenye mabonde yenye mawe ya milima ya kaskazini yupo Echis omanensis, aliyetenganishwa na jamaa zake na kupewa jina mwaka 2004. Tambarare za changarawe na mchanga wa pwani ni za Echis carinatus, ambaye huzaa watoto, wakati Echis wa Afrika hutaga mayai. Na ukishuka Dhofar, kwenye milima inayopata mvua za khareef, unamkuta kifutu yule yule wa Dodoma na Isiolo. Zanzibar haina Echis wala Cerastes, hivyo aliyelelewa huko akahamia Maskati hakuja na mazoea yoyote ya kuwahofia. Sauti ya magamba, mapito ya mshazari na desturi ya kutikisa viatu asubuhi ni mambo ya kujifunza upya.

Sasa nifike kwenye shahidi wa mwisho, ambaye ni damu. Sumu ya Echis ina kimeng'enya kinachoitwa ekarini. Kazi yake ni kuamsha protini inayogandisha damu. Mtu angetarajia damu igande yote, lakini kinachotokea ni kwamba malighafi ya kugandisha hutumika ovyo hadi ikaisha, na baada ya saa chache damu haina tena uwezo wa kuganda. Viambato vingine vya sumu hiyo huharibu kuta za mishipa midogo. Mgonjwa hutoka damu kwenye fizi, kwenye kidonda cha zamani kilichokwisha kupona, kwenye mkojo, na wakati mwingine ndani ya ubongo. Bila dawa hali hiyo inaweza kuendelea kwa zaidi ya wiki moja, na mtu aliyeonekana nafuu siku ya pili akafa siku ya sita. Ni sumu hii hii iliyowafundisha wanasayansi kutengeneza tirofibani, dawa ya wagonjwa wa moyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, kwa kuiga protini yake mojawapo inayozuia chembe sahani kushikamana.

David Warrell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Zaria, Nigeria, katika miaka ya 1970 na kuwatibu wengi walioumwa na Echis, ni miongoni mwa waliosaidia kuenea kwa kipimo ambacho zahanati yoyote inaweza kukifanya. Muuguzi huchukua mililita 2 za damu, huzitia kwenye chupa ndogo ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, huiacha imesimama bila kuguswa kwa dakika 20, kisha huiinamisha mara moja. Damu ikiwa imeganda, hubaki mahali pake. Ikimwagika kama ilivyoingia, sumu inafanya kazi. Chupa lazima iwe ya kioo, kwa sababu plastiki haiamshi kuganda na itatoa jibu la uongo, na isiwe imeoshwa kwa sabuni. Katika Turkana au Marsabit, mguu uliovimba pamoja na damu isiyoganda huelekeza kwa Echis kwa uhakika mkubwa kuliko maelezo ya mgonjwa aliyemwona nyoka gizani kwa nusu sekunde. Kidonda kinachooza ngozi bila damu kukataa kuganda huelekeza kwa swila. Kope zinazolegea na pumzi kuwa nzito huelekeza kwa koboko au fira.

Ndiyo maana sioni haja ya kumwinda nyoka ili apelekwe hospitali. Anayemwinda mara nyingi huwa mgonjwa wa pili, na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali inatosha, na ikikosekana, chupa ya kioo itasema. Muda wa safari utumike kwa mambo mengine: kumlaza mgonjwa, kufunga gango ili kiungo kisitikisike, na kuvua pete, bangili na shanga kabla uvimbe haujafika. Kwa morani wa Kisamburu aliyevaa bangili za kubana mkononi au mama wa Kiturkana mwenye shanga nyingi shingoni, hilo la mwisho si dogo. Kuchanja, kunyonya, kukaza kamba na kubandika jiwe jeusi la nyoka hakuondoi sumu, na kwa mtu ambaye damu yake haigandi, kila wembe unaopita ni jeraha litakalotoka damu mfululizo. Aliyetemewa na swila machoni aoshwe kwa maji mengi, papo hapo.

Kisha kuna dawa yenyewe, na hapa utambuzi unakuwa suala la serikali na bajeti. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo na kuvuna kingamwili za damu yake, hivyo humfaa nyoka yule ambaye sumu yake ilitumika, au jamaa zake wa karibu. Echis wa India na Echis wa Afrika wanafanana kwa macho, lakini dawa zilizotengenezwa kwa sumu ya India zimeshindwa kuwaokoa wagonjwa Afrika Magharibi, na watu wamekufa wakiwa wamedungwa chupa baada ya chupa. Dawa ya nyoka wengi inayotengenezwa Afrika Kusini, iliyosifika kwa ubora miaka mingi, inamhusu kifutu, koboko na fira kadhaa. Echis hayumo. Kwake kuna dawa ya peke yake, nayo hununuliwa kando.

Shirika la Afya Duniani liliweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Makadirio yake ni kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Kenya iligatua huduma nyingi za afya kwa kaunti mwaka 2013, kwa hiyo uamuzi wa dawa ipi iwekwe kwenye jokofu la hospitali unafanyika karibu na nyoka wenyewe kuliko zamani. Orodha moja ya manunuzi haiwezi kuitosheleza nchi nzima. Kwale ina koboko wa kijani kwenye miembe na mikorosho, na dawa ya nyoka wengi inaifaa. Turkana, Marsabit na Baringo, pamoja na dawa hiyo, zinahitaji ile ya Echis, chupa za kioo katika kila zahanati, na muuguzi anayeandika kwenye daftari lake kijiji, saa, dalili na jibu la dakika 20. Daftari za namna hiyo zikikusanywa kwa misimu michache zitaonyesha ni nyoka yupi anayeuma wapi na mwezi gani, na afisa wa manunuzi atakuwa na cha kusoma kabla hajatia sahihi.